Ushuhuda Usio Wangu

Jumapili, 6 Oktoba 2024. Murungu.

Mvua ya kwanza imenyesha katikati ya mahubiri. Bati la kanisa lilipiga kelele mpaka spika ikashindwa, na Mchungaji Theonest akaiacha akaanza kutumia koo lake mwenyewe. Somo lilikuwa mahusiano. Alisema sisi Wakristo wa huku tunayapalilia maharage kwa bidii, lakini watu tunawaacha waote wenyewe porini. Kwa hiyo kila mshirika achague mtu mmoja. Amtembelee kwa makusudi kila wiki, amsikilize, ale naye, amwombee, mpaka Sikukuu ya Mavuno mwezi wa kwanza. Siku hiyo watakaopenda watatoa ushuhuda.

Nimefungua daftari hili kwa ajili hiyo. Mimi ni mwalimu, na mwalimu haingii darasani bila andalio la somo. Nimechora jedwali: tarehe, nilichofanya, matokeo.

Mtu wangu ni Mama Uwimana, jirani yangu. Jina lake kamili ni Epifania Ininahazwe. Ni mjane, mlezi wa kwaya ya akina mama na mabinti, na mlango wake na wangu inatazamana, katikati kuna uwanja mmoja na mparachichi. Kwenye jedwali nimeandika kwamba Roho ameniongoza kwake. Hapa chini naandika ukweli: nimemchagua kwa sababu ndiye wa karibu, na tope la Murungu mvua ikikolea linavua watu viatu.

Jumatano, 9 Oktoba.

Nimekwenda na sukari nusu kilo. Amenipa viazi vitamu vya kuchemsha. Haongei sana, kwa hiyo nimeongea mimi. Nimeweka alama ya vema.

Jumatano, 16 Oktoba.

Nimekwenda. Vema.

Jumatano, 23 Oktoba.

Nimemkuta shambani anapanda maharage. Nimesimama ukingoni na viatu vyangu vya shule kwa robo saa hivi. Akaliangalia daftari kwapani mwangu.

"Hilo daftari ni la nini, Mwalimu? Kila ukija unalo."

Nikasema ni la shule. Vema, lakini nimeiandika kwa kalamu iliyosita kidogo.

Ijumaa, 1 Novemba.

Mwalimu Yusuph, anayefundisha hesabu na kukaa meza ya pili kutoka yangu, ameliona jedwali langu limefunguliwa. Yeye ni Mwislamu wa Tanga na maneno yake hayana breki.

"Madam Generosa, huyu mama ni jirani yako au ni mradi?"

Nimemwambia akamalize kusahihisha.

Alhamisi, 7 Novemba.

Nina hasira sana. Jana nilikwenda Kibondo mjini kwenye kikao cha walimu cha siku mbili. Muhogo wangu niliuacha kwenye kichanja unakauka, na kwa kuwa niliondoka alfajiri Mama Uwimana hajaamka, nilibandika karatasi mlangoni kwake: *Mvua ikija naomba uniingizie muhogo. Ufunguo uko juu ya dirisha.* Nimerudi leo jioni, muhogo wote umeloa na umeanza kuota ukungu. Karatasi mlangoni haipo. Yeye yupo, amekaa barazani anachambua mboga.

Nilimpigia kelele. Nilisema, "Mama Uwimana, hata kama hunipendi, chakula kimekukosea nini?" Nilisema pia kwamba nimemletea sukari wiki tano. Akachukua mboga zake, akaingia ndani.

Ndiyo, niliitaja sukari. Na wiki niliziongeza moja.

Ijumaa, 8 Novemba.

Amekuja asubuhi kabla sijaenda shule. "Mwakeye, Mwalimu," akasema, salamu ya asubuhi ya Kirundi, kana kwamba jana haikuwepo. Mkononi alikuwa na karatasi yangu imekunjwa mara nne.

"Hii niliiona. Nimekaa nayo siku mbili."

"Sasa mbona hukuingiza muhogo?"

"Nilikuwa nasubiri apite mtu wa kunisomea. Waliopita wote ni watu ambao siwezi kuwapa wanisomee."

Sikuelewa. Nikamwambia, lakini kanisani unasoma, kila mwezi unasimama mbele na kusoma.

"Oya," akakana kwa Kirundi chake. "Sisomi. Jumamosi Uwimana ananipigia simu kutoka Kasulu, anasoma, mimi nashika. Jumapili nafungua Biblia, nasema kile nilichoshika."

Uwimana ni binti yake, anasomea uuguzi huko. Kwa miaka kumi na moja, tangu akiwa darasa la tano, ndiye aliyekuwa akimsomea mama yake. Wanaojua ni yeye na Mungu, na sasa mimi.

Kisha akanieleza mengine, amesimama vilevile mlangoni. Alivuka kutoka Burundi mgongoni mwa mama yake mwaka sabini na mbili. Wadogo zake walipoanza shule, yeye ndiye aliyebaki kulea na kulima. Siku walipopewa karatasi za uraia, wenzake walitia sahihi, yeye akatia kidole gumba. "Kile kidole nilikificha ndani ya kitenge njia nzima," alisema. "Kilikuwa na wino."

Muhogo ni muhogo tu, wa gunia moja, na mimi nilimfokea mwanamke aliyekaa siku mbili na karatasi yangu mkononi akingoja mtu wa kumwonea haya kidogo kuliko wengine.

"Nifundishe," alisema. "Lakini asijue mtu. Mabinti wa kwaya mimi ndiye ninayewaambia washike vitabu."

Nikaanza kuapa. Akanikata.

"Usiape. Nyamaza tu, inatosha."

Jumamosi, 9 Novemba.

Jambo hili nililiacha jana kwa makusudi, na nisipoliandika nitakuwa nadanganya kwenye daftari langu mwenyewe. Mwaka juzi kulikuwa na mtu aliyetaka kunioa, afisa wa Kibondo. Nduguze walikuwa waje kunisalimia hapa Murungu kabla ya kwenda kwetu Muleba kujitambulisha. Nilitangaza shule nzima. Akina mama wa kanisa walipika tangu asubuhi. Hakuja mtu, na simu yake haijapatikana mpaka leo. Nilijifungia chumbani. Mama Uwimana ndiye aliyesimama mlangoni na kuwaambia waliokuja kuchungulia kwamba wageni wamepata msiba, wameahirisha. Baadaye watu walipouliza tena, alijibu hivyohivyo. Ule msiba wa uongo ndio ulionitunzia uso, na hajawahi kuutaja, hata tukiwa wawili.

Na mimi nilimchagua kwa sababu ya tope.

Jumatatu, 11 Novemba.

Tumeanza. Jikoni kwake, mlango umerudishwa. Ule muhogo ulioloa tumeusaga, unga wake ni mweusi na haufai kuliwa, lakini unafaa kuandikia. Anautandaza kwenye ungo na kuandika kwa kidole. Akisikia hatua nje anautikisa ungo, na herufi zote zinapotea.

Jumanne, 19 Novemba.

Ma me mi mo mu. Anasema midomo inamchoka kama ya mbuzi.

Jumanne, 26 Novemba.

Mvua tangu asubuhi. Ameandika *Uwimana* peke yake, bila mimi kumwambia. Akaliangalia lile jina muda mrefu, akakataa kutikisa ungo. Tukakaa nalo mpaka giza likaanza kuingia.

Ijumaa, 6 Desemba.

Shule imefungwa. Mama amepiga simu kutoka Muleba anauliza narudi lini. Nimemwambia maharage yangu bado yako shambani. Akasema, "Wewe na maharage tangu lini?" Sikumwambia sababu. Niliona raha kuwa na siri ya mtu mwingine, na kuitunza vizuri.

Jumatano, 25 Desemba.

Krismasi. Tumekula kwake, wali na kuku. Uwimana amekuja kutoka Kasulu, anarudi kesho. Mama yake alichukua kopo la majani ya chai na kulisoma lote, mpaka anwani ya kiwanda. Uwimana alilia. Mimi pia.

Jedwali nimeacha kulijaza tangu Novemba. Leo nimegundua hilo na nikacheka.

Jumatatu, 6 Januari 2025.

Maharage yanavunwa, mvua inatoka na kurudi, kila mtu anatazama juu. Mchungaji amempangia Mama Uwimana kusoma zaburi Sikukuu ya Mavuno, kama kila mwaka.

"Safari hii nimemwambia Uwimana asinipigie simu Jumamosi," ameniambia. "Nitasoma mimi. Hakuna atakayejua tofauti, ila mimi nitajua."

Tumeisoma zaburi ile mara tatu leo. Anakwama kwenye maneno marefu, lakini anarudi nyuma mwenyewe na kuyachukua upya.

Jumamosi, 11 Januari.

Tumefika mara ya tisa. Hakukwama hata mara moja. Aliifunga Biblia akaiweka juu ya meza na kulilainisha jalada kwa mkono. Akasema, "Kesho."

Jumapili, 12 Januari.

Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Ushuhuda ulitangulia zaburi. Wa kwanza alikuwa Japhet, fundi baiskeli. Alikuwa amepatana na kaka yake wa Buhigwe, ambaye hawakuwa wamesalimiana kwa miaka sita, na kaka mtu mwenyewe alikuwa amekaa pale nyuma na akasimama. Vigelegele vilipasua bati. Akafuata Yusta, mke wa mchungaji, naye alikuwa na mkwe wake wa kumshika mkono mbele ya watu. Vigelegele tena. Kisha nikaitwa mimi.

Nilikuwa nimeandaa sentensi mbili. Kwamba nimemtembelea jirani, na kwamba nimejifunza kunyamaza. Nilizisema. Watu wakaitikia amina moja nyembamba, ya adabu, na mchungaji akaanza kunyoosha mkono kuchukua kipaza sauti.

Watu husema sisi Wahaya tunapenda sifa, na mimi huwa nawabishia. Leo sibishi. Kipaza sauti sikukitoa. Nilisikia sauti yangu inasema, "Lakini ndugu zangu, Bwana ametenda zaidi ya hapo." Nikasema kuna mama, jirani yangu, miaka hamsini na mbili hakujua hata a. Nikasema nilimshika mkono. Nikasema habari ya unga wa muhogo na ungo, na jinsi anavyoutikisa akisikia mtu anapita, na watu wakacheka kwa upendo, na mimi nikasubiri wamalize kucheka kabla ya kuendelea, kama nisubirivyo darasani. Nikasema leo hii mama huyo anasoma. Kanisa lilisimama. Mchungaji alisema haleluya mara tatu. Nilijisikia vizuri sana. Sijawahi kujisikia vizuri hivyo tangu nifike wilaya hii.

Jina sikulitaja. Lakini jirani ninaye mmoja. Tangu niliposema miaka hamsini na mbili, vichwa vilikuwa vinageuka kimoja kimoja kuelekea benchi la tatu upande wa wanawake, na mimi niliyekuwa mbele nikiwaona wote sikuviona. Au niliviona. Sijui. Mungu anajua, na naogopa anajua kwamba niliviona.

Mchungaji alikuwa bado hajang'amua mama huyo ni nani. Akasema, "Sasa zaburi yetu ya mavuno, atatusomea mama yetu Epifa..." na hapo akaelewa, jina likamkatikia mdomoni. Mama Uwimana alikuwa ameshasimama.

Alikwenda mbele na Biblia yake, kidole kipo kwenye ukurasa. Akasimama. Kanisa zima likainama mbele kidogo kwenye mabenchi. Hakuna aliyemcheka. Walimtabasamia, kama wazazi wanavyowatabasamia watoto siku ya kufunga shule, wakimtakia aweze. Nilimwona anatazama ukurasa. Midomo yake ilifunguka. Najua aliliona neno la kwanza na najua alilijua.

Akafunga mdomo. Akashuka, akaja mpaka benchi langu, akaiweka Biblia wazi juu ya magoti yangu. Kidole chake kilikuwa bado pale pale kwenye mstari.

"Soma wewe, Mwalimu," alisema kwa sauti ya kawaida. "Leo ni siku yako."

Akatoka nje. Mvua ilikuwa imeanza.

Nilisimama nikasoma. Nilisoma vizuri, nikatulia kwenye vituo vyote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka sasa, kwamba hata pale sauti yangu haikutetemeka.

Jumatatu, 13 Januari.

Shule imefunguliwa. Mlango wa Mama Uwimana umefungwa. Nimebisha hodi mara tatu, na moshi unatoka jikoni.

Jumanne, 14 Januari.

Bombani akina mama wawili wamemwimbia Mama Uwimana a e i o u, wakimpisha achote maji kwanza. Wameniambia wenyewe, wakidhani nitafurahi. Yusta anataka kufungua darasa la kisomo cha watu wazima na Mama Uwimana awe mfano. Kwaya ameiacha. Amempelekea mwenyekiti wa kwaya sare yake, imefuliwa na kupigwa pasi.

Alhamisi, 16 Januari.

Mchungaji Theonest amekuja kunipongeza. Anasema hakuna ushuhuda uliowagusa watu kama ule. Nikamweleza kila kitu, karatasi, ungo, na maneno ya nyamaza tu inatosha. Akasema, "Lakini hukumtaja jina."

Nimejiambia hivyohivyo tangu Jumapili. Nilipoyasikia maneno hayo kwa mtu mwingine nikaona yalivyo madogo. Nadhani naye aliona, maana hakunywa chai. Alipokuwa anatoka alisema, "Na mimi ndiye niliyepanga watu wasimame kuwaelezea wenzao. Sijui nilifikiri itakuwaje."

Jumamosi, 18 Januari. Kasulu.

Nimekuja kumnunulia Biblia ya maandishi makubwa, na kumwona Uwimana. Tumekutana nje ya geti la chuo chake. Nilimwonyesha ile Biblia kwanza, kabla ya kuomba msamaha. Hivyo ndivyo nilivyo.

"Macho ya mama hayana shida, Mwalimu," alisema.

Kisha akasema, si kwa ukali, "Mimi nimemsomea miaka kumi na moja. Nina rafiki ninayelala naye chumba kimoja hapa, hajui. Nina mchumba, hajui. Haikuwa kazi ngumu. Nilikuwa simwambii mtu, basi."

Biblia nimeirudisha dukani. Njia nzima ya kurudi mvua ilikuwa inanyesha na gari lilikwama mara mbili, na kila lilipokwama nilitamani likwame zaidi.

Jumatano, 22 Januari.

Nimepata wazo. Jumapili nitasimama tena mbele, nitaungama nilivyomkosea, na nitaeleza habari ya yule mwanaume na msiba wa uongo, ili aibu yangu nayo ijulikane, tuwe sawa. Niliandika maneno yote, kurasa mbili, na nilipoyasoma nililia. Nikampa Mwalimu Yusuph ayapitie.

Alisoma taratibu. "Yamekaa vizuri," alisema. "Watalia wote. Sasa nikuulize, Madam. Ile ya kwanza, kwani Mungu alikuwa hajui mpaka umwambie kwa spika?"

"Hii ni toba, Mwalimu Yusuph."

"Hii ni mara ya pili unapanda juu. Na yeye ndiye aliyedanganya kwa ajili yako. Utamwanika kwa hilo pia?"

Nimezichana zile kurasa mbili. Hata kwenye kutubu nilitaka nipigiwe vigelegele. Nimeona aibu mpaka masikio yakawa ya moto, pale ofisini, mbele ya mtu wa hesabu.

Jumamosi, 25 Januari.

Nimekwenda mikono mitupu. Alikuwa barazani anapura maharage. Hakunikaribisha na hakunifukuza. Nikakaa kwenye ngazi.

"Mama Uwimana, nimekukosea. Nilitaka nisifiwe."

"Ego," alisema, ndiyo ya Kirundi. "Nilikuona."

Aliendelea kupura. Akasema bila kuniangalia, "Pale mbele sikuogopa herufi. Ningesoma. Niliogopa nikimaliza watanipigia makofi. Makofi ya kupigiwa mtoto. Miaka yote hii nikisoma kwa kichwa, watu walikuwa wanasikia zaburi. Siku ile wangenisikia mimi."

Nikasema nifanye nini. Akasema hajui.

"Sina hasira na wewe, Mwalimu. Nina aibu, na yenyewe inachukua muda wake. Nenda."

Jumatatu, 27 Januari.

Wameanza kutifua mashamba kwa ajili ya maharage ya pili. Baada ya shule nimechukua jembe nikaenda shambani kwake. Alinyoosha mkono. "Mstari wako ule pale."

Jumanne, 28 Januari.

Nimelima.

Jumatano, 29 Januari.

Nimelima. Viganja vimetoka malengelenge.

Ijumaa, 31 Januari.

Leo amesema, "Jembe lako halina makali." Akanipa lake, yeye akachukua langu. Nilifurahi kupita kiasi, kisha nikajizuia, maana nilijikuta tayari nalipanga neno hilo jinsi nitakavyomsimulia Mwalimu Yusuph.

Jumatatu, 3 Februari.

Mwalimu Yusuph ameuliza naendelea vipi na jirani. Nikamwambia, "Tupo." Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye madaftari yake. Jibu hilo la neno moja lilinigharimu kuliko malengelenge yote.

Alhamisi, 6 Februari.

Mvua. Hatukulima. Nilimwona mlangoni kwake, naye aliniona mlangoni kwangu. Tukakaa hivyo, kila mtu kwake, tunatazama maji yakipita uwanjani.

Jumamosi, 8 Februari.

Asubuhi jua lilikuwa kali, nikatandaza maharage yangu kwenye turubai uwanjani, yote, gunia zima nililovuna kwa kuchelewa. Mkuu wa shule akanipigia simu nipeleke fomu za wanafunzi Kibondo mjini, leo leo. Mama Uwimana hakuwepo, na hata angekuwepo nisingethubutu kumwomba. Niliondoka huku nikitazama mawingu ya upande wa Burundi.

Mvua ilinikuta Kibondo, kubwa, ya mawe. Nikajua basi, nimeyakosa. Nikasema ni haki yangu.

Nimefika saa kumi na moja. Turubai lilikuwa limekunjwa na kuwekwa ukutani. Uwanja mtupu, hakuna punje. Mlangoni kwangu, pale pale kwenye mbao ambapo watu hubandika, kulikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Herufi zilikuwa kubwa, nyingine zimelala, kalamu imekandamizwa mpaka upande wa pili.

*Mwalimu. Mvua imekuja. Maharage nimeingiza. Ufunguo uko juu ya dirisha. Mimi Epifania Ininahazwe.*

Nilikaa chini pale mlangoni. Nilisoma mara nyingi, sijui ngapi. Jambo la kwanza lililonijia kichwani, na naliandika kwa aibu, ni kwamba Mchungaji angeiona karatasi hii. La pili ni kwamba sitamwonyesha, wala yeye, wala Yusta, wala mama yangu Muleba.

Niliingia, nikayakuta maharage yamesambazwa sakafuni juu ya mkeka wake, si wangu. Nikachukua daftari hili na kalamu nimwandikie jibu. Nikaandika *Mama Uwimana* na nikasimama hapo hapo. Nikatoka, nikavuka uwanja kwa miguu, tope likanivua kiatu kimoja, nikakiacha.

Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa jikoni, ungo uko mapajani, anachagua mchele.

"Umesoma?" aliuliza.

"Nimesoma."

"Inasomeka?"

"Inasomeka, Mama Uwimana."

Alinitazama, kiatu kimoja, tope mpaka magotini, na daftari kwapani, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kuliweka chini.

"Basi ingia," alisema. "Hilo daftari liache nje."

Nililiweka kwenye baraza, juu ya kinu, nikaingia. Tulikaa mpaka mvua ya pili ikapita. Tulichozungumza humo ndani hakimo humu.